Kijana, ukiambiwa 'thibitisha', kumbuka wewe ni wa nani

Msomaji mpenzi, ukitaka kuijua kamba inayowavuta vijana wetu wengi hadi shimoni, tega sikio wanapozungumza wao kwa wao. Hutamsikia yeyote akimwambia mwenzake, "Njoo nikupoteze." Hakuna mpotoshaji mjinga kiasi hicho. Utakachosikia ni maneno mawili mafupi: "Kama kweli".

Kama kweli wewe ni mwanamume, vuta hii kidogo. Kama kweli wanipenda, mbona waogopa? Kama kweli wewe ni mwenzetu, ruka ua twende. Kama kweli kwenu mna pesa, tuone simu yako.

Yaangalie vizuri maneno hayo. Ndani yake mna swali lililofichwa: wewe ni nani hasa, na ushahidi wako uko wapi? Kijana asiye na jibu la swali hilo moyoni mwake hukimbia kutafuta ushahidi. Atavuta. Ataruka ua. Atatuma picha ambayo hangetaka mama yake aione. Atachukua pesa za karo akanunue viatu. Na kesho yake ataulizwa swali lile lile tena, kwani ushahidi wa jana huisha jana hiyo hiyo.

Leo ningependa tuketi kitako tulitazame swali hili kwa upande wa mwanafunzi Mkristo, awe ni wa shule ya sekondari au wa chuo. Wasomaji wa dini nyingine nawasihi wasifunue ukurasa wa pili bado. Maradhi haya hayachagui kanisa wala msikiti, na huenda mkapata lenu la kubeba.

MANENO YA KALE

Maneno haya hayakubuniwa Nairobi. Waliosoma Injili ya Mathayo watakumbuka kwamba Yesu alipobatizwa katika mto Jordani, sauti ilisikika kutoka mbinguni ikamtaja kuwa Mwana anayependwa. Tukigeuza ukurasa tunamkuta jangwani. Amefunga siku 40, njaa inamuuma na hana mtu wa kuzungumza naye. Mjaribu anapomjia hamwambii aibe wala aue. Anaanza na swali letu lile lile: ikiwa yeye ni Mwana kweli, basi na ayageuze mawe kuwa mkate. Mawe yanaposhindikana anampeleka juu ya hekalu na kumtaka, ikiwa yeye ni Mwana kweli, ajirushe chini.

Kuna mambo mawili hapa ambayo kijana hafai kuyapita mbio.

La kwanza ni mpangilio wa mambo. Katika masimulizi ya Mathayo, sauti ile ilisikika kabla Yesu hajahubiri hata mara moja, kabla hajamponya mgonjwa hata mmoja na kabla hajampata mwanafunzi hata mmoja. Alikuwa mtu wa Nazareti, kijiji kisicho na sifa, mwana wa seremala. Kupendwa kulitangulia kazi. Sisi shuleni tumezoea kinyume chake. Mtu hufanya mtihani kwanza, akapata alama, ndipo akapewa cheti. Mwanafunzi akiyabeba mazoea hayo hadi katika maombi yake, atamwona Mungu kama baraza la mitihani, naye atapiga magoti kila usiku akingojea matokeo.

La pili ni kwamba Yesu hakuyageuza mawe. Baadaye katika kitabu hicho hicho tunasoma alivyowalisha maelfu ya watu, kwa hivyo haikuwa kwamba mkate ulimshinda. Alikataa kwa sababu jambo alilokwisha kulisema Baba yake halikuhitaji kuthibitishwa mbele ya mjaribu.

Hapo, msomaji, ndipo penye mzizi wa kujiamini kwa Mkristo. Wengi hudhani anayejiamini ni yule mwenye sauti kubwa, anayejua kuvaa na asiyekosa jibu. Kumbe mara nyingi huyo ndiye anayetetemeka kupita wote, maana kutwa kucha yumo katika kuthibitisha. Anayejiamini kweli ni yule awezaye kuambiwa "kama kweli" akatabasamu, akaendelea na shughuli zake.

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Utaniambia, "Lakini mimi ni Mkristo tangu utotoni, mbona magoti bado yananitetemeka?" Ni swali zuri.

Katika sensa ya mwaka 2019, Wakenya zaidi ya 8 kati ya kila 10 walijitaja kuwa Wakristo. Maana yake ni kwamba kwa mtoto wa Kenya, kuitwa Mkristo ni jambo rahisi mno. Hulipata jina hilo pamoja na maziwa ya mama. Hulijaza kwenye fomu ya shule palipoandikwa "dini" bila kuinua kalamu. Lakini jina lililokuja kwa urahisi hivyo halimfai mtu usiku bwenini, taa zikiwa zimezimwa na wakubwa wamekizunguka kitanda chake wakimtaka aseme yeye ni nani.

Tena yupo mwanafunzi anayesoma somo la historia akafika mahali pa kujiuliza swali zito zaidi: je, imani hii ni yangu, au ni koti la mzungu nililovishwa? Wazazi na walimu wengi hulizima swali hilo kwa kufoka. Wanakosea. Swali hilo lina umri mkubwa kuliko huyo mwanafunzi, na waliowahi kulijibu ni watu wazito.

Chukua shule ya Alliance kule Kikuyu, iliyoanzishwa na makanisa ya kimishonari mwaka 1926. Kijana aliyeitwa James Ngugi alisoma hapo kuanzia mwaka 1955 hadi 1958. Riwaya yake Weep Not, Child ilipochapishwa mwaka 1964 ilitoka kwa jina hilo. Katika miaka ya 1970 alilivua jina la James, na Ukristo nao akauweka kando, na ulimwengu ukamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o hadi alipoaga dunia mwaka 2025.

John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alipitia shule hiyo hiyo kabla yake, kisha akaenda Makerere na baadaye Cambridge. Yeye alibaki na John wake. Akawa kasisi wa Kianglikana, na papo hapo akaandika African Religions and Philosophy, kitabu cha mwaka 1969, akiwaonyesha walimwengu kwamba Mwafrika alimjua Mungu kabla mmishonari hajashuka melini. Alifariki mwaka 2019 akiwa bado ni mtu wa kanisa.

Sikuwaleta wazee hawa niwashindanishe. Nataka tu uone kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekubali kubeba jina asilolifikiria. Aliyetoka alitoka macho wazi, na aliyebaki alibaki macho wazi. Anayeyumba ni yule wa tatu, ambaye hajauliza na hataki kuulizwa. Huyo ni bendera, na bendera hufuata upepo. Leo ataimba kwaya, kesho atafuata genge, kesho kutwa atafuata yeyote anayemwita kwa sauti kubwa.

Na kwa mwanafunzi anayeuliza kwa moyo safi, nina habari fupi ya kumsaidia. Mfalme Ezana wa Aksum, katika nchi tuiitayo leo Ethiopia, aliupokea Ukristo katika karne ya 4. Mmishonari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Kati ya wawili hao kuna takriban miaka 1,500. Kwa hivyo atakayekuambia kwamba imani hii iliingia Afrika kwa mara ya kwanza ndani ya sanduku la Krapf, mwambie kwa adabu arudi maktabani.

WANAFUNZI WANNE UGENINI

Tukiwa bado katika habari za majina, hebu twende Babeli. Watu wengi wakisikia jina la Danieli hukimbilia tundu la simba, wakasahau kwamba kitabu chake kinaanza na habari za wanafunzi. Mfalme Nebukadreza aliteka vijana wa Yerusalemu wa koo za heshima na wenye akili, akaamuru wasomeshwe lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka 3. Kwa lugha ya kwetu, walitiwa katika shule ya bweni ya serikali, mbali na wazazi, wakilishwa na mfalme mwenyewe.

Kitu cha kwanza walichovuliwa ni majina. Danieli, jina lenye maana ya kwamba Mungu ndiye hakimu wangu, akaitwa Belteshaza. Hanania akawa Shadraka, Mishaeli akawa Meshaki, Azaria akawa Abednego. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuitwa "mono" siku yake ya kwanza shuleni, akabandikwa na lakabu asiyoipenda, anajua maana ya jambo hilo.

Sasa tazama walivyofanya. Hatusomi kwamba waliyagombania majina mapya. Masomo ya Wakaldayo waliyasoma, tena wakawapita wenzao. Lakini kilipoletwa chakula cha mfalme na divai yake, Danieli alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba hapo ndipo mpaka wake.

Kijana asiyejijua hufanya mojawapo ya makosa mawili. Huenda akapigania kila kitu, akagombana na mwalimu kwa sababu ya wimbo na na mwenzake kwa sababu ya lakabu, hadi akachukiwa na bweni zima akidhani anateswa kwa ajili ya imani. Au huenda akaachilia kila kitu, kimoja baada ya kingine, hadi siku moja ajitafute asijione. Danieli alijua lipi ni vazi na lipi ni ngozi. Vazi alikubali libadilishwe, lakini ngozi yake hakuiruhusu iguswe.

Tuangalie pia namna alivyokataa. Hakupindua meza wala hakumhubiria mtu. Alimwendea msimamizi kwa heshima, akafahamu kwamba mzee wa watu naye ana hofu yake, kwani kama vijana wangekonda mfalme angemkata kichwa. Basi akaomba muda wa siku 10 tu, wale mboga na kunywa maji, kisha watazamwe. Huo ni ujasiri wenye adabu, na ni nadra sana siku hizi.

Jambo la mwisho ni kwamba walikuwa wanne. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi anayetaka kuishika imani yake peke yake katika shule ya wanafunzi elfu moja amejitwika mzigo ambao hata Danieli hakuubeba peke yake. Tafuta wawili au watatu. Hawalazimiki kuwa watu maarufu. Wawe tu wale ambao ukiwa nao hulazimiki kujifanya.

'KAMA KWELI' YA KANISANI

Hapa huenda nikawaudhi baadhi ya wasomaji, lakini ukweli ukifichwa huoza. Maneno "kama kweli" hayasemwi nyuma ya vyoo vya shule tu. Yameingia hata katika ushirika wa wanafunzi Wakristo.

Kama kweli umeokoka, mbona hulii wakati wa maombi? Kama kweli una Roho, mbona huneni kwa lugha? Kama kweli una imani, mbona unameza dawa? Kama kweli unampenda Bwana, funga juma zima la mtihani.

Sisemi haya kuvibeza vikundi hivyo. Vyama vya wanafunzi Wakristo vinavyolelewa na KSCF katika shule za sekondari na FOCUS katika vyuo vikuu, pamoja na YCS ya Wakatoliki, vimewaokoa vijana wengi na upweke, na katika vikundi hivyo wengi ndipo walipojifunza kusimama mbele ya watu na kusema. Ninachosema ni kwamba kijana mkimya, asiyejua kupiga kelele, asiye na ushuhuda wa kusisimua wa jinsi alivyokuwa jambazi kabla ya kuokoka, mara nyingi huondoka humo akijiona Mkristo wa daraja la tatu. Akibaki, hujifunza kuigiza. Analia kwa sababu wengine wanalia. Rohoni anajua kwamba anaigiza, na kujua huko ndiko kunakommaliza.

Kijana wa namna hiyo na amkumbuke Timotheo. Huyu alikuwa kijana mdogo, tena mwenye tumbo la kuugua mara kwa mara. Mtume Paulo hakumwambia kwamba ugonjwa wake ni upungufu wa imani. Alimshauri atumie divai kidogo kama dawa, akamkabidhi kazi kubwa, na akamwonya asikubali kudharauliwa kwa sababu ya ujana wake. Kwa hivyo, mwanafunzi unayetumia dawa za pumu, za kifafa au za ugonjwa mwingine wowote, meza dawa zako kwa shukrani. Hujamkosea Mungu.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu tumeona mwisho wake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto. Inadaiwa kwamba watu hao waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Ushahidi wa imani uliotakiwa pale ulikuwa njaa. Linganisha na jangwa lile la Mathayo uone jinsi mambo yanavyofanana. Anayekutaka uthibitishe bila kikomo, na kila ukithibitisha anaongeza, ni mjaribu yule yule, awe ameshika msokoto wa bangi au ameshika Biblia. Kijana anayejua kwamba amekwisha kupendwa hawezi kununuliwa na mtu wa aina hiyo kwa bei yoyote.

ALAMA SI JINA LAKO

Liko "kama kweli" jingine, na hili husemwa na watu wema kabisa: wazazi, walimu na majirani. Kama kweli una akili, leta A.

Turudi nyuma hadi mtihani wa KCSE wa mwaka 2016. Huo ndio mwaka ambao serikali ilikaza kamba dhidi ya wizi wa mitihani. Matokeo yalipotangazwa, kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000, waliopata alama ya A walikuwa 141 tu. Waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikaribia 89,000. Piga hesabu mwenyewe. Vijana zaidi ya 480,000 walikuwa chini ya mstari huo.

Je, hao 480,000 walikuwa takataka? Ukipanda matatu leo, ukinyolewa, ukishonewa nguo, ukitengenezewa mfereji uliopasuka au ukiuziwa mboga sokoni, yamkini mikono iliyokuhudumia ni ya mmoja wao. Wengine walirudi darasani kupitia vyuo vya ufundi. Maisha yao hayakuishia kwenye karatasi ile. Lakini wapo waliobeba herufi hiyo kama chapa ya ng'ombe, na hadi leo wakijitambulisha utadhani ile D ndiyo jina la baba yao.

Mkristo hana ruhusa ya kuwa mvivu. Vijana wale wa Babeli walisoma, na miaka 3 ilipokwisha mfalme aliwaona bora mara 10 kuliko waganga na wachawi wake. Anayekesha katika maombi usiku wa kuamkia hesabu ilhali hajafungua kitabu tangu muhula uanze anamjaribu Mungu. Hata hivyo, habari ya vijana hao haiishii katika kufaulu. Miaka baadaye Shadraka, Meshaki na Abednego walisimamishwa mbele ya tanuri kwa kukataa kuisujudia sanamu ya dhahabu. Walimjibu mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, lakini hata asipowaokoa, hawatasujudu.

Hata asipowaokoa! Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mtahiniwa aingie nalo katika chumba cha mtihani. Nimesoma, nimeomba, nataka kufaulu. Lakini hata nisipofaulu, siwi mtu mwingine. Aliyenipenda kabla ya mtihani hatanikana baada ya matokeo.

Hili si jambo la mapambo. Tumewahi kusoma habari za kuhuzunisha za vijana waliojidhuru baada ya matokeo kutoka. Ikiwa wewe unayesoma ukurasa huu umefika mahali pa kuona kwamba heri usingekuwapo, usinyamaze. Mwambie leo hii mtu mzima unayemwamini: mzazi, mwalimu, kasisi, shangazi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga simu nambari 116 bila malipo na kusikilizwa. Kuomba msaada si upungufu wa imani. Eliya, nabii mkubwa, aliwahi kuketi chini ya mti akitamani kufa, na dawa ya kwanza aliyopewa ilikuwa usingizi na chakula. Mahubiri yalikuja baadaye.

MZAZI NAWE

Mzazi, usidhani nimekusahau. Paulo alipokuwa akiitaja imani ya Timotheo, alisema kwamba ilikaa kwanza ndani ya nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Kujiamini kwa kijana hakuanzi shuleni. Huanza mezani, jikoni, na kwenye matatu mkirudi nyumbani kutoka kanisani.

Jichunguze. Mtoto anapofunga shule, swali lako la kwanza huwa ni lipi? Ikiwa kila mara ni "Umekuwa wa ngapi?", basi umemfundisha kwamba mlango wa nyumbani hufunguliwa kwa ripoti. Ikiwa kila mara unamtaja mtoto wa jirani, umempa hakimu mwingine. Siku atakayoambiwa "kama kweli" na genge, atakuwa ameshazoea kuthibitisha, kwani mwalimu wake wa kwanza ulikuwa wewe.

Mkaribishe kwanza. Mpe chai. Mwambie umefurahi kumwona. Ripoti itasomwa, tena itasomwa kwa makini na aliyelegea ataambiwa amelegea, lakini isomwe na mtoto aliyekwisha kupokelewa. Na akikuuliza maswali magumu juu ya imani, usimfokee. Ikiwa hujui jibu, mwambie, "Mwanangu, hilo sijui, tulitafute pamoja." Hataacha kukuheshimu. Ataanza kukuamini.

KAZI YA JUMA HILI

Kijana, sipendi uufunge ukurasa huu ukiwa na maneno matupu. Nakupa kazi ndogo ndogo tatu.

Ya kwanza, chukua karatasi uandike mpaka wako. Ni mambo gani utakubali yabadilishwe, na ni mambo gani hutavuka kamwe? Danieli aliamua kabla ya sahani kuwekwa mezani. Anayengoja hadi sahani ifike ameshachelewa, kwa maana njaa ni wakili hodari.

Ya pili, jifunze kukataa kwa maneno machache. "La, asante, nyinyi endeleeni" yatosha. Ukianza kutoa sababu 10, umekubali kushitakiwa, na aliyekushitaki ndiye atakayekuwa hakimu. Yeye si hakimu wako. Danieli aliibeba habari hiyo ndani ya jina lake, na hata walipombandika Belteshaza, maana yake haikufutika.

Ya tatu, asubuhi kabla ya kufungua TikTok uone wenzako wamevaa nini na wamekula wapi, tulia dakika chache mbele za Mungu wako. Siku hiyo hujamfanyia mtu yeyote jambo lolote. Hujajibu swali darasani, hujafunga bao, hujaimba, hujapendeza. Nywele bado hazijachanwa. Jikumbushe kwamba katika hali hiyo hiyo, ukiwa huna cha kuonyesha, umekwisha kupendwa. Kisha inuka uoge, uende shuleni ukafanye bidii.

Na wakikuuliza njiani kama kweli wewe ni nani, huna deni la ushahidi kwa mtu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.